Safu Iliyosahaulika: Historia Fupi ya Violezo vya Kupangia Kazi

Nimeadimika kidogo, nilikuwa nikihangaika na deni. Si deni ninalodaiwa, la! Ni deni ninalodai.

Mchana mimi huandika programu kwa mshahara. Usiku na wikendi, mimi na rafiki yangu mchoraji tunatengeneza nembo, mabango na tovuti ndogo ndogo. Kazi zote tunazipanga kwenye ubao wa kidijitali wenye safu tatu: Ya Kufanya, Inafanywa, Imekwisha. Mwezi jana nikiwa nasafisha safu ya mwisho nikakutana na bango la duka moja. Tulilirekebisha mara tisa, tukalikabidhi, tukasogeza kadi kwenye Imekwisha, tukapongezana. Nikatafuta ujumbe wa M-Pesa kwenye simu. Haupo! Miezi minne ilikuwa imepita na hakuna kati yetu aliyekumbuka kudai.

Nikajiuliza: hiki kiolezo kilibuniwa kwa ajili ya kazi ya nani? Hebu turudi nyuma kidogo.

Kabla ya tarakilishi kulikuwa na karatasi. Mwaka 1921 kampuni ya Norman & Hill ya London ilianza kuuza kile tunachokijua leo kama Filofax, daftari la kurasa zinazotoka na kurudishwa. Ukurasa wa anwani, ukurasa wa tarehe, ukurasa wa hesabu, unapanga utakavyo. Ukifikiri vizuri, hivyo vilikuwa violezo tayari, ila vya karatasi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakili mmoja wa Allentown, Pennsylvania, aitwaye Morris Perkins, akabuni shajara ya mawakili wenzake. Baadaye ilijulikana kama Day-Timer. Wakili huuza saa zake. Asipoandika kwamba asubuhi alitumia dakika arobaini kwa kesi ya fulani, jioni atakuwa amesahau, na kilichosahaulika hakiingii kwenye ankara. Kwa hiyo kurasa za Perkins zilikuwa na nafasi ya miadi na pia nafasi ya kuandika kazi iliyofanywa na muda uliotumika. Kazi na malipo yake vilikaa pamoja. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard. Aliona jinsi jedwali la hesabu ubaoni linavyosumbua: ukibadilisha nambari moja, unafuta na kukokotoa upya zote zinazoitegemea. Akishirikiana na Bob Frankston, mwaka 1979 wakatoa VisiCalc kwa tarakilishi za Apple II. Ndiyo lahajedwali la kwanza lililovuma kwenye tarakilishi ndogo. Excel ilifuata mwaka 1985, kwanza kwenye Macintosh, kisha Windows mwaka 1987.

Lahajedwali lilikuja tupu. Halikukuuliza wewe ni mhasibu au mpiga picha. Ukitaka safu ya arbuni unaiweka, ukitaka ya makataa unaiweka. Uzuri wake ni huo, na ugumu wake pia, maana lazima ujue mapema unataka kukumbuka nini.

Ubao wetu wa safu tatu una ukoo tofauti kabisa. Unatoka kiwandani. Pale Toyota, nchini Japani, mhandisi Taiichi Ohno alijenga mfumo wa kadi uitwao kanban. Alivutiwa na jinsi maduka makubwa ya Marekani yanavyojaza rafu: bidhaa ikichukuliwa, nyingine inaletwa. Kadi ilimwambia fundi wa nyuma kwamba vipuri vimetumika, tengeneza vingine. Lengo lilikuwa kazi isirundikane mahali pamoja.

Miaka ya 2000 sisi watu wa programu tukauchukua mfumo huo. Mwaka 2011 kampuni ya Fog Creek ya New York ikatoa Trello, kadi na safu kwenye kivinjari, na kila mtu akaweza kuwa na ubao wake. Mwaka 2016 ikaja Notion, ambamo orodha moja unaweza kuiona kama jedwali, ubao au kalenda. Watu wakaanza kutengeneza violezo vyao humo, wengine wakaviuza kwa wasanii, waandishi na wabunifu wanaojitegemea.

Mmeliona tatizo? Kiwandani, gari likitoka kwenye mstari, kazi ya fundi imekwisha kweli. Mshahara wake unashughulikiwa na ofisi nyingine. Ubao hauna haja ya kumuuliza kama amelipwa. Mimi na rafiki yangu ndio mafundi, na ofisi hiyo nyingine ni sisi wenyewe saa nne za usiku. Tuliazima ubao wa watu wenye mshahara, tukasahau nafasi aliyoiweka wakili wa Allentown.

Kwa hiyo nimekiandika upya kiolezo chetu. Safu sasa ni tano: Ya Kufanya, Arbuni Imeingia, Inafanywa, Imekabidhiwa, Imelipwa. Neno Imekwisha nimelifuta. Kila kadi ina makataa, saa tulizotumia na idadi ya marekebisho tuliyokubaliana. Kadi haiingii Imelipwa mpaka niandike namba ya muamala wa M-Pesa. Kama kadi imekaa Imekabidhiwa siku kumi na nne, programu ndogo niliyoiandika inanitumia ukumbusho.

Yule mteja nilimwandikia kwa adabu. Akaomba radhi, akatuma nusu. Nusu nyingine bado, na kadi yake iko pale pale, naiona kila asubuhi.

Haya, nenda kaufungue ubao wako leo. Chungulia safu ya mwisho, kisha uchungulie simu yako. Zinakubaliana?