Opera Mini ilitulea, lakini ujue inavyofanya kazi

Wasee, kabla ya Chrome kutawala simu huku Kericho na Bomet, brauza ilikuwa Opera Mini. Ilizinduliwa dunia nzima 2006, Kenya ikiwa bado inategemea setilaiti. Kebo za baharini zilifika Mombasa 2009. Kila MB ilikuwa pesa.

Ujanja wake ni kama wa kiwanda cha chai: zaidi ya kilo 4 za majani mabichi zinaingia, inatoka kilo 1 kavu. Seva za Opera zilibana ukurasa kwanza, ndio simu ya vibonyezo iupokee.

Lakini mwenye kiwanda huona majani yote. Kwa hivyo mimi nasema: kusoma habari, itumie tu. Ukiingia kwa akaunti ya benki, zima kubana data kwanza.