Mabawa na magurudumu ya jeti ndogo: Kazi isiyotaka haraka

UNDAJI wa ndege ndogo ya jeti inayoongozwa kwa rimoti ni kazi inayoweza kufanyiwa juu ya meza ya kawaida, hata katika chumba kimoja cha mtaa wa mabanda wa Kiandutu, mjini Thika. Kuirusha ni jambo jingine kabisa.

Kiandutu, jina linalotokana na neno la Kikikuyu ndutu, yaani funza, ni mtaa wa nyumba za mabati zilizosongamana katika Kaunti ya Kiambu. Jeti ya kilo 5 ikikatika bawa juu ya mtaa kama huo, huangukia paa la mtu au uchochoro ambamo watoto wanacheza. Ndiyo maana hatua mbili za uundaji, kufunga mabawa na kufunga magurudumu, hudai utulivu kuliko nyingine zote.

Ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio zilianza kuruka katika miaka ya 1930. Jeti zilichelewa, ndogo ya kwanza yenye injini ya turbini ilirushwa Uingereza mwaka 1983. Siku hizi kuna aina mbili kuu. Moja hutumia turbini inayochoma mafuta ya taa na kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Nyingine husukumwa na feni ya umeme iliyofichwa ndani ya kiwiliwili na kuendeshwa kwa batri. Hii ya pili ni nafuu na ndiyo inayomfaa anayeanza.

Mabawa

Katika jeti nyingi, mabawa mawili huungana kwa bomba jembamba la alumini au la nyuzi za kaboni linalopenya kiwiliwili kutoka upande mmoja hadi wa pili. Bomba hilo ndilo hubeba mzigo wa kuruka. Pini ndogo iliyo nyuma yake huzuia bawa kujipinda, nayo bolti hulizuia lisichomoke.

Mzigo huo si uzito wa ndege pekee. Ndege inapokata kona ikiwa imelala kwa nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mabawa hubeba uzito maradufu. Kwa hiyo jeti ya kilo 5 huyapa mabawa yake mzigo wa kilo 10, na inapoinuliwa ghafla baada ya kupiga mbizi, mzigo huweza kuzidi hapo.

Bomba linapaswa kuingia kwa kukaza kidogo bila kugongwa kwa nyundo. Likilegea, gundi haiwezi kuwa dawa, hubadilishwa. Kabla ya kupaka gundi ya epoksi, sehemu zote huunganishwa zikiwa kavu na kupimwa. Umbali kutoka ncha ya bawa la kulia hadi mkiani hulinganishwa na ule wa kushoto. Mwinamo wa mabawa yote mawili nao sharti ulingane, la sivyo ndege italalia upande mmoja tangu ipae.

Mwenye ndege ya povu anafaa kuijaribu gundi kwenye kipande kilichobaki, kwa kuwa baadhi ya gundi za kukauka haraka huyeyusha povu. Ufa wowote karibu na mahali bomba linapoingilia hurekebishwa kabla ya kuruka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Magurudumu

Jeti nyingi husimama kwa miguu mitatu: mmoja mbele na miwili chini ya mabawa. Miguu mikuu hukaa nyuma kidogo ya kitovu cha uzito. Ikisogezwa mbele ya kitovu hicho, ndege hukalia mkia. Ikisukumwa nyuma mno, pua hugoma kuinuka na njia ya kupaa huisha.

Magurudumu mawili makuu hutazama mbele sawasawa. Njia rahisi ya kuyapima ni kuisukuma ndege taratibu kwenye sakafu laini na kuona kama inakwenda moja kwa moja. Ikivuta upande, mhimili hurekebishwa. Pale skrubu inapokaza mhimili wa chuma, fundi husugua ubapa mdogo kwa tupa ili skrubu ishike vizuri, kisha huipaka gundi ya kuzuia kulegea. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma. Baadhi ya plastiki huharibiwa nayo.

Miguu inayojikunja hujaribiwa mara nyingi ndege ikiwa imeinuliwa juu ya stendi. Milango isikwaruze gurudumu, nyaya zisibanwe. Mguu unaokwama nusu hewani humaanisha kutua kwa tumbo.

Ardhi nayo ina neno. Magurudumu ya jeti ni madogo, na injini hufyonza hewa kwa nguvu pamoja na changarawe iliyo karibu. Barabara ya murram hivyo haifai. Lami safi au nyasi fupi iliyosawazishwa ndiyo njia inayostahili.

Kabla ya kuruka

Kila kitu kikishafungwa, ndege hupimwa kitovu cha uzito kwa kufuata ramani ya mtengenezaji. Mwenye turbini hupima tangi la mafuta likiwa tupu. Kisha mabawa huvutwa kwa mkono kuona kama yanacheza, na vidhibiti hukaguliwa: kijiti kikielekezwa kulia, kibawa cha ukingo wa nyuma upande wa kulia hupanda, na cha kushoto hushuka.

Hatimaye kuna sheria. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ziliweka kikomo cha futi 400 kutoka ardhini na umbali wa mita 50 kutoka kwa watu na majengo. Ni busara kuiuliza mamlaka hiyo kabla ya kuagiza jeti au kuirusha.

Kwa kijana wa Kiandutu, hesabu ya mita hizo 50 hutoa jibu mapema. Mtaani ni mahali pa kuunda, kupima na kurekebisha. Uwanja wa kurushia hutafutwa kwingine, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Skrubu moja iliyolegea huonekana ndogo mezani, lakini mdharau mwiba mguu huota tende.