Kutoka Mizani Hadi Kompyuta: Habari za Ulinzi wa Hesabu za Wakulima

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wengi watasimulia habari za maghala, malori na bei za pamba, na ni haki zisimuliwe. Sisi wa Ofisi ya Katibu tumeona yafaa kuandika habari za chombo kimoja ambacho wanachama wengi hawapati kukiona, nacho ni kompyuta inayotunza hesabu zao. Tumelichagua jambo hili kwa kuwa Mkutano Mkuu ujao utaombwa kuamua kama mashine zetu za zamani ziondolewe, na mpya zinunuliwe kwa fedha itokanayo na ushuru wa wanachama. Si rahisi mtu kuamua vema juu ya chombo asichokijua asili yake. Basi na tuanze na asili.

Ushirika wa pwani hii ya Ziwa ulizaliwa penye mizani. Kabla ya ushirika, mkulima wa Magu, wa Geita au wa Ukerewe aliichukua pamba yake kichwani au kwa baisikeli hadi kituo cha mnunuzi, akaiweka juu ya mizani ambayo wengi hawakuweza kuisoma, akaambiwa uzito, akapokea fedha, akarudi nyumbani na mashaka moyoni. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito, na katika harakati hizo alitokea kijana Paul Bomani, aliyekuja baadaye kuwa Waziri wa Fedha wa nchi yetu. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana mjini Mwanza na kuunda lile Shirikisho lililojulikana kote kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo kufikia wakati wa Uhuru lilihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika.

Tunalo fundisho hapa. Jambo la kwanza walilolidai wazee wetu halikuwa mkopo wala ghala, bali kuuona mshale wa mizani kwa macho yao wenyewe. Kutokana na dai hilo zikazaliwa desturi zote za ulinzi wa mali ya ushirika: karani mmoja asome uzito kwa sauti na mwingine auandike, stakabadhi iandikwe kwa karatasi ya kaboni, nakala moja abaki nayo mkulima, sefu iwe na funguo mbili zishikwazo na watu wawili, vitabu vikaguliwe na mtu asiyeviandika. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kompyuta nayo si ngeni sana nchini kama wengi wanavyodhani. Ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, na nyingine yenye nguvu zaidi ikafuata kabla ya muongo huo kwisha. Zilikuwa mashine za kujaza chumba, zikila kadi za karatasi zilizotobolewa. Walakini hesabu za Serikali zilizotoka humo zilileta matatizo, wataalamu wa kuziendesha walikuwa wachache na wengi wao wageni, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini pasipo kibali maalumu. Kwa hiyo, wakati mataifa mengine yalipokuwa yakiziweka mashine ndogo juu ya meza za makarani, sisi tuliendelea na leja, taipu na mashine ya kujumlishia ya mkono.

Katika miaka hiyo hiyo ushirika wenyewe ulipata msukosuko. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Masharti ya uingizaji wa kompyuta yalipolegezwa na biashara kufunguliwa, mashine za mezani zikaanza kuonekana katika ofisi za Mwanza. Wazee waliofanya kazi katika miaka ya 1990 husimulia habari zake kwa furaha kubwa, na sisi tulio vijana tumezikuta baadhi ya mashine hizo zikiwa hai bado.

Ilikuwa na kioo kizito chenye mgongo mrefu kama televisheni ya zamani, ikifunikwa kila jioni kwa kitambaa cha kufuma ili isiingiwe na vumbi. Chumba chake ndicho pekee kilichokuwa na feni nzima. Mtu alivua viatu mlangoni, na wako waliosadiki kabisa kwamba virusi vya kompyuta huingia kwa nyayo. Printa yake ililia kama cherehani, ikivuta karatasi ndefu yenye matundu kandokando, na kijiji kizima cha wakulima kilitoka katika ukurasa mmoja usiokatika. Kazi ilihifadhiwa katika diski laini, kijibamba cha plastiki kinachoingia mfukoni mwa shati, ambacho hakikuweza kubeba hata picha moja ipigwayo leo na simu nzuri. Nacho kilitosha kwa orodha ya wanachama wa chama cha msingi.

Watu hawazipendi mashine hizo bure. Hazikubadilika. Karani aliyejifunza amri zake aliweza kuzitumia miaka kumi bila kujifunza upya. Hazikumsumbua kwa maonyo, hazikumdai neno la siri kila saa, wala hazikujizima katikati ya malipo ati zinajisasisha. Ndiyo maana katika vikao vyetu husikika swali la haki: ikiwa mashine ya zamani ilifanya kazi kwa amani, ya nini kutumia fedha ya mkulima kununua nyingine?

Jibu letu ni kwamba amani ile haikutokana na nguvu za mashine, bali na upweke wake. Ilisimama peke yake chumbani, haikuunganishwa na nyingine, na adui alilazimika kuingia kwa mlango. Hata hivyo haikusalimika kabisa. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistani, walitunga kirusi kilichoitwa Brain, nacho kikasafiri ulimwenguni kwa njia ya diski laini zilizoazimwa mkono kwa mkono. Leo flashi inayotoka duka la kuchapishia na kuingia ofisini hufanya kazi ile ile.

Upweke huo umekwisha. Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano wa SEACOM, uliopita chini ya Bahari ya Hindi, ulifika Dar es Salaam, na baadaye nyaya za nchi kavu zikatuletea intaneti hadi huku Ziwani. Pamoja na faida zake nyingi ulifungua mlango. Sisi watu wa Ziwa twajua maana ya mlango uliofunguliwa. Gugu maji lilipoingia Ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuja na maji yale yale tunayoyanywa na kuyavulia, likichanua maua ya kupendeza, kisha likaziba bandari na kufunga mitumbwi. Hakuna aliyeshauri maji yazuiwe. Ilibidi watu wajifunze kulidhibiti gugu.

Hapa ndipo lilipo suala la mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote. Mkulima wa pamba atalielewa upesi. Ukiriguru ilitupatia mbegu ya UK91, ikapendwa miaka mingi, kisha ikaja UKM08. UK91 haikutukanwa kwa kustaafishwa. Ila mbegu hupungua ubora kwa miaka, nayo magonjwa hayalali. Mifumo endeshi nayo ni hivyo. Windows XP ilitoka mwaka 2001, na kampuni iliyoitengeneza ikaacha kuiziba nyufa zake tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 iliyotoka mwaka 2009 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 iliyotoka mwaka 2015 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuanzia siku hiyo mashine haifi. Huwaka na kufanya kazi kama jana. Lakini kila ufa mpya unaogunduliwa hujulikana na wezi, na fundi wa kuuziba hafiki tena.

Hatari hii si hadithi ya kutisha watoto. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150, kikafunga maandishi ya watu na kudai fidia ili yafunguliwe. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Nalo la kusikitisha ni kwamba kiraka cha kuuziba ufa ule kilikuwa kimetolewa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliosasisha mashine zao walipona. Wengi walioahirisha kwa kuona ni usumbufu walipoteza kazi ya miaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tufikirie daftari la wakulima wetu, lenye kilo, madeni ya pembejeo na malipo, likifungwa hivyo katikati ya msimu: ni nani atakayemlipa mkulima aliyekwisha kukabidhi pamba yake?

Desturi za ulinzi nazo hubadilika, na si kila desturi mpya ni ngumu kuliko ya zamani. Mwaka 2003 Bwana Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani aliandika mwongozo ulioifunza dunia kwamba neno la siri lazima lichanganye herufi, namba na alama, na libadilishwe kila mara. Watu wakachoka, wakayaandika maneno yao ya siri katika karatasi na kuyabandika chini ya kibodi. Mwaka 2017 taasisi hiyo hiyo iligeuza ushauri, na mwenyewe Bwana Burr akakiri kujutia mengi aliyoyaandika. Sasa yahimizwa kwamba neno la siri liwe refu na la kukumbukika, na libadilishwe linaposhukiwa kujulikana. Maneno manne au matano yasiyohusiana, ya lugha ya nyumbani, ni ukuta mzuri. Walakini neno moja likijulikana na watu watatu si siri tena, ni njia ya wote, na fedha ikipotea hapana wa kuulizwa.

Wala wezi hawaishii ofisini. Tangu malipo yalipoanza kupita katika simu, nani kati yetu hajapokea ule ujumbe mfupi usemao ile hela itumwe kwa namba hii? Mwizi huyo hakuvunja mashine yoyote. Amevunja uangalifu wa mtu. Hapa twaona kwamba mashine mpya pekee haitoshi.

Na hapa twafika kwenye jambo lenyewe tulilotaka kusema. Wako wasemao mashine za zamani ziendelee kwa kuwa ziliaminika, na wako wasemao kila cha zamani kitupwe, kompyuta mpya italinda yote. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Kinachofaa kuondolewa ni mashine. Kinachofaa kubaki ni desturi. Funguo mbili za sefu zibaki, kwa maana ya kwamba malipo yaandaliwe na mtu mmoja na kuidhinishwa na mwingine, kila mmoja kwa neno lake la siri. Kabati la vitabu libaki, kwa maana ya nakala ya hesabu ichukuliwe kila juma na kuwekwa mbali na kompyuta, isiyounganishwa na mtandao. Mkaguzi abaki. Na zaidi ya yote, stakabadhi ya karatasi ibaki mkononi mwa mkulima, ikiwa na kilo, bei na makato, kwa Kiswahili anachokisoma.

Twasisitiza hilo la mwisho kwa sababu kubwa. Mizani ya rula ilikuwa na makosa yake na hila zake, lakini mkulima alisimama mbele yake. Kompyuta imewekwa ndani, mlango umefungwa, na mwenye mali yuko nje. Tusipokuwa waangalifu tutakuwa tumemrudisha mwanachama mahali alipokuwa kabla ya mwaka 1955: aambiwe uzito, apokee fedha, arudi na mashaka. Chombo kinaweza kusema lugha ya mwenye mali. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kushiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa mtu haki juu ya habari zake zitunzwazo na wengine. Mwanachama atakayekuja kuomba kuoneshwa ukurasa wake asionekane mkorofi. Huyo ndiye mrithi wa wale wapimaji wa zamani.

Basi, ndugu wanachama, mtakapoombwa kupiga kura katika Mkutano Mkuu, msiulize bei ya kompyuta tu. Ulizeni pia mfumo wake utahudumiwa hadi mwaka gani, nakala za hesabu zitawekwa wapi, nani na nani wataidhinisha malipo, na mkulima ataonaje kilichoandikwa juu yake. Viongozi wakiwa na majibu, toeni fedha bila kinyongo. Wakiwa hawana, wapeni muda wayatafute kwanza.

Nazo mashine za zamani tuziage kwa heshima, kwa kuwa zilitutumikia vema. Umoja wetu na udumu.