Shinikizo na kasi (katika mtiririko)

Shinikizo (pia: kanieneo) ni kani inayokandamiza kila kizio cha eneo, hupimwa kwa paskali. Kasi ni umbali unaopitwa kwa kila kizio cha wakati. Katika fizikia hupimwa kwa mita kwa sekunde.

Mfano. Miinuko ya Kasulu na Kibondo hufaa maji ya mserereko. Chukua bomba linaloteremka kutoka kwenye tangi la mlimani. Koki zote zikifungwa, maji hutulia: kasi ni sifuri, ilhali shinikizo limefikia upeo wake. Kila mita 10 za kimo chini ya tangi huongeza takriban kilopaskali 98. Koki ikifunguliwa, maji hukimbia na shinikizo hushuka. Sehemu yake huzaa mwendo, nyingine humezwa na msuguano.

Kanuni. Bomba lililolazwa likiwa jembamba mahali fulani, maji hupita hapo kwa kasi zaidi na shinikizo hupungua. Daniel Bernoulli aliujadili uhusiano huu katika *Hydrodynamica* (1738).

Matumizi. Mtu asemapo “maji yana presha”, huenda anakusudia kwamba yanatoka kwa kasi. Mazungumzoni haidhuru. Katika tafsiri ya kitabu cha fizikia, mchanganyo huo huipindua kanuni, na mwanafunzi atajibu mtihani kinyume.

Si sahihi: Bomba likiwa jembamba, shinikizo la maji yapitayo huongezeka.
Sahihi: Bomba likiwa jembamba, kasi ya maji huongezeka na shinikizo lake hupungua.