Wonders of Life: Jengo la elimu ya afya lililoachwa na mdhamini wake

Tarehe 1 Januari 2007, wageni wa mwisho walitoka katika jengo lenye kuba la rangi ya dhahabu ndani ya viwanja vya burudani vya Epcot, jimbo la Florida, Marekani. Jengo hilo liliitwa Wonders of Life, yaani Maajabu ya Uhai. Kwa miaka 17 lilikuwa na kazi ya kumweleza mtu wa kawaida, mkubwa kwa mdogo, jinsi mwili wake unavyofanya kazi na namna ya kuutunza. Tangu siku hiyo jengo halijavunjwa, wala halijarudishiwa kazi yake.

Kisa chake kinafaa kujulikana na kila anayejali elimu ya umma. Jengo hili halikuungua wala halikuporomoka. Mkataba wa udhamini ulifika mwisho, hakutokea mtu wa kuupokea, na miaka michache baadaye elimu iliyokuwa inatolewa humo ikaisha.

Wazo lililongoja mwenye fedha

Epcot ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982, karibu miaka 16 baada ya kifo cha Walt Disney. Yeye alikuwa na ndoto ya kujenga mji wa mfano wa kesho, wenye wakazi wa kweli. Waliorithi kampuni yake waliiacha ndoto hiyo wakajenga viwanja vya maonyesho. Upande mmoja waliweka mabanda ya nchi mbalimbali, na upande wa pili majengo makubwa ya sayansi na teknolojia.

Kila jengo la sayansi lilikuwa na somo lake na kampuni yake. Exxon ilidhamini jengo la nishati, General Motors jengo la usafiri, Kraft jengo la kilimo na chakula. Mdhamini alichangia gharama za ujenzi na uendeshaji kwa mkataba wa miaka kadhaa, na jina lake likaonekana kwa kila mgeni aliyeingia. Kwa utaratibu huo Disney ilipata majengo ambayo yangekuwa mzigo mzito kuyabeba peke yake.

Somo la afya lilikuwamo katika mipango tangu mapema. Mchoraji Frank Armitage, bingwa wa kuchora viungo vya mwili ambaye alikuwa amefanya kazi katika filamu ya Fantastic Voyage ya mwaka 1966, alichora picha za safari ndani ya mishipa na moyo. Lakini siku ya ufunguzi ilifika bila kampuni ya kulipia afya, na kiwanja chake kikabaki kitupu huku majirani zake wakipokea wageni.

Mdhamini alipopatikana alikuwa Metropolitan Life, maarufu kama MetLife, kampuni ya bima ya maisha ya New York iliyoanzishwa mwaka 1868. Kwa kampuni hiyo elimu ya afya haikuwa jambo geni. Kuanzia mwaka 1909 ilikuwa ikiwapelekea wateja wake wauguzi majumbani na kuwagawia vijitabu vya kujikinga na magonjwa, huduma iliyookoa familia nyingi za wafanyakazi. Faida kwa kampuni nayo ilikuwa wazi: mteja wa bima ya maisha anayeishi muda mrefu hulipa ada muda mrefu. Jengo la Epcot liliendeleza desturi hiyo kwa sura mpya, likafunguliwa tarehe 19 Oktoba 1989.

Yaliyokuwa chini ya kuba

Mgeni alipokewa nje na mnara wa chuma uliosokotwa kwa umbo la DNA, wenye urefu wa zaidi ya meta 20. Ndani kulikuwa na ukumbi mpana wenye shamrashamra za gulio. Kulikuwa na baiskeli za kufanyia mazoezi zilizowekewa skrini, ukikanyaga kwa kasi, mandhari nayo inakwenda kasi. Pembeni ulipiga mpira kwa gongo, kisha ukapewa ushauri wa bingwa wa mchezo huo kwenye video. Kompyuta nayo ilikuuliza umri, uzito, kama unavuta sigara na kama unafanya mazoezi, halafu ikakushauri ubadili nini katika maisha yako.

Kivutio kilichovuta foleni ndefu kiliitwa Body Wars. Wageni 40 walifungiwa katika chumba kilichosimama juu ya miguu ya haidroliki, teknolojia ileile iliyotumika katika kivutio kingine cha Disney, Star Tours. Skrini ya mbele iliwaonyesha wakipunguzwa hadi kuwa wadogo kuliko chembe na kuingizwa mwilini mwa mtu aliyechomwa na kibanzi. Mtaalamu aliyetumwa kuchunguza jeraha alivutwa na mkondo wa damu, na chombo kikamfuata hadi kwenye moyo, mapafu na ubongo. Leonard Nimoy, mwigizaji wa Star Trek, ndiye aliyeongoza filamu yake. Waliocheza ni Tim Matheson na Elisabeth Shue. Chumba kiliyumba kila moyo ulipopiga, na wengi walitoka wakiwa na kichefuchefu.

Ukumbi mwingine ulionyesha filamu fupi ya The Making of Me, iliyoongozwa na Glenn Gordon Caron na kuchezwa na Martin Short. Ilijibu swali ambalo wazazi wengi hulikwepa: mtoto hutoka wapi? Ilionyesha picha halisi za jinsi kijusi kinavyokua tumboni, na mlangoni palikuwa na tangazo la kuwatahadharisha wazazi. Kwa kampuni inayoishi kwa kuuza burudani ya familia, huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na watoto wengi walipata humo maelezo ya kweli na ya staha kuliko ya uvumi wa shuleni.

Buzzy na kichwa cha mvulana

Lakini kito cha jengo kilikuwa Cranium Command. Ukumbi wake ulitengenezwa kama ndani ya kichwa cha Bobby, mvulana wa miaka 12. Skrini mbili za mbele zilikuwa macho yake, kwa hiyo watazamaji waliona kila alichokiona yeye. Katikati, juu ya kiti kilichozunguka huku na huku, alikaa Buzzy, rubani chipukizi aliyevaa koti na kofia, aliyekabidhiwa kuuongoza ubongo huo kwa siku moja. Buzzy alikuwa sanamu ya mashine: kichwa, macho, mdomo na mikono vilisogea kwa kufuata sauti iliyorekodiwa.

Kila kiungo kilipewa mwigizaji. Charles Grodin alikuwa upande wa kushoto wa ubongo, wenye hesabu na utaratibu. Jon Lovitz upande wa kulia, wenye hisia na ubunifu. George Wendt alisimamia tumbo, na Bobcat Goldthwait alikuwa tezi ya adrenali, mtu wa kupiga kelele kila hatari inapotokea. Bobby akichelewa kuamka anaondoka bila kunywa chai, na tumbo linaanza kulalamika. Shuleni anakutana na wababe wanaomwonea msichana mgeni, adrenali inapiga mayowe, moyo unakwenda mbio, kila kiungo kinataka kusikilizwa peke yake. Buzzy anaokoa siku anapojifunza kuvisikiliza vyote na kuvipatanisha.

Hilo ni somo la msongo wa mawazo, na mtoto wa miaka minane aliweza kulieleza akitoka. Utangulizi wa onyesho uliongozwa na Gary Trousdale na Kirk Wise, vijana waliokuja kuongoza Beauty and the Beast mwaka 1991, filamu ya kwanza ya katuni kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora. Jengo hilo lilipewa mikono ya wenye vipaji, na mgeni aliiona kazi yao.

Mkataba unakwisha

Mwaka 2001 udhamini wa MetLife ulimalizika na haukuongezwa. Mwaka huohuo, mwezi Februari, wanasayansi walichapisha rasimu ya kwanza ya ramani ya vinasaba vya binadamu. Hapakuwa na wakati uliofaa zaidi kwa jengo lenye mnara wa DNA mlangoni kuwaeleza wananchi maana ya ugunduzi huo. Lakini maonyesho ya afya huhitaji kuandikwa upya kila sayansi inaposonga mbele, na kazi hiyo ni ya gharama. Filamu za mwaka 1989 ziliendelea kuzunguka kama zilivyo.

Kuanzia Januari 2004 jengo lilifunguliwa katika misimu ya wageni wengi tu. Miaka mitatu baadaye likafungwa kabisa. Mnara wa DNA uliondolewa, na mitambo ya Body Wars iling'olewa baadaye. Jirani yake Horizons alikuwa ametangulia: General Electric iliacha kulidhamini jengo hilo mwaka 1993, likafungwa Januari 1999 na kubomolewa mwaka 2000 kupisha kivutio cha safari za anga.

Kuba la dhahabu lilibakishwa kwa sababu lilikuwa na nafasi pana. Kwa zaidi ya miaka kumi ukumbi wake ukawa kituo cha matamasha ya Epcot: wapishi walionyesha mapishi, wageni walionja mvinyo na jibini, na msimu wa maua yakatolewa mafunzo ya bustani. Michoro ya zamani ilifunikwa. Nyuma ya kuta hizo, vyumba vya maonyesho vilibaki gizani, na Buzzy akiwa bado kitini.

Wizi gizani

Watu waliokuwa wakiingia kwa siri walipiga picha za Cranium Command na kuzisambaza mtandaoni. Mwaka 2018 iliripotiwa polisi kwamba mavazi ya Buzzy, yenye thamani ya karibu dola 7,000, yameibwa. Baadaye ikajulikana kuwa sanamu yenyewe haimo. Kuichukua kulihitaji kukata mabomba yake na kubeba mzigo mzito kutoka ndani ya eneo lenye ulinzi. Mwaka 2019 mfanyakazi wa zamani wa Disney alikamatwa kuhusiana na vitu vilivyoibwa huko, na kesi ikafika mahakamani. Buzzy hajaonekana tena hadharani.

Mwaka huohuo wa 2019 Disney ilitangaza kwamba kuba litafufuliwa kwa jina la Play!, ukumbi wa michezo ya kidijitali na wahusika wa katuni, tayari kwa sherehe za miaka 50 ya Disney World, eneo la burudani ilimo Epcot, mwaka 2021. Ujenzi ulianza. Machi 2020 viwanja vikafungwa kwa sababu ya Uviko-19 na kazi ikasimama. Sherehe za miaka 50 zilikuja zikapita, na Play! haikufunguliwa. Upande mmoja wa kuba sasa wageni hupanda treni ya kasi ya Guardians of the Galaxy, iliyoanza Mei 2022 mahali palipokuwa jengo la nishati. Upande wa pili, palipokuwa Horizons, wanapanda roketi ya kuigiza. Elimu ya mwili wa binadamu haina tena jengo lake Epcot.

Hukumu yangu ni kwamba kosa lilifanyika mwaka 1989, siku jengo lilipofunguliwa bila mpango wa siku ambayo MetLife ingeondoka. Kampuni ilitimiza mkataba wake na haidaiwi kitu. Waliobaki na jengo ndio waliopaswa kuitunza elimu iliyokuwemo, na kama fedha za kuiendeleza hazikupatikana, basi walau kuhifadhi vifaa vyake mahali salama, vikiwa na orodha na mlinzi. Kazi ya wasanii na wanasayansi wa kiwango kile haikustahili kuachwa gizani hadi ikaibwa.

Nawasihi wote wanaofungua makumbusho, vituo vya sayansi na maonyesho ya afya kwa fedha za wafadhili: kabla ya kukata utepe, andikeni ni nani atakayelipa mfadhili akiondoka, ni nani atakayesahihisha somo sayansi ikibadilika, na vifaa vitahifadhiwa wapi milango ikifungwa.