Mahema kwenye malisho: Kwa nini wafugaji wa Uingereza wanalalamika

Unatoka alfajiri kuangalia kondoo wako, unakuta mahema mawili yamesimama malishoni na geti liko wazi. Wageni hawajaomba ruhusa. Na kuna maeneo Uingereza ambako wala hawahitaji kuiomba.

Eneo linalotajwa zaidi ni Dartmoor, hifadhi ya taifa iliyoko Devon, yenye kilomita za mraba 954. Usiifikirie kama Serengeti: hapa ardhi kubwa ina wenyewe, na watu wanaishi na kufuga humohumo.

Mume na mke wenye ardhi huko walikwenda mahakamani wakitaka mtu aombe ruhusa kabla ya kulala. Januari 2023 Mahakama Kuu iliwapa ushindi, Julai mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaupindua. Mei 21, 2025, Mahakama ya Juu ikafunga kesi: sheria ya 1985, inayoruhusu umma kuingia kwenye malisho ya pamoja kwa miguu au kwa farasi kujiburudisha, inahusu pia kulala kwenye hema.

Mfugaji anapoteza nini?

Mtu kulala tu usiku mmoja na kuondoka si ishu kubwa. Shida ni anachokuja nacho na anachoacha.

Mbwa ndiyo kero namba moja. Akiwakimbiza kondoo wenye mimba, mimba zinaweza kutoka. Hata asipokimbiza, kinyesi chake kinaweza kubeba kimelea kinachoitwa Neospora. Ng'ombe akila nyasi zilizochafuliwa, naye anaweza kuharibu mimba. Mfugaji anapoteza ndama bila hata kumwona huyo mbwa.

Kuna moto pia. Udongo wa Dartmoor una mboji nyingi, ukikauka unaweza kuungua chini kwa chini kwa siku kadhaa. Ongeza plastiki ambazo ng'ombe humeza, na mahema mazima yanayotelekezwa. Anayeokota, anayesaka mifugo iliyotoka getini na anayemlipa daktari wa mifugo ni mwenye shamba. Mpiga kambi amelala bure.

Ruhusa ina mipaka

Dartmoor hairuhusu kuwasha moto, kukaa zaidi ya usiku 2 sehemu moja, wala kuweka hema chini ya mita 100 kutoka barabarani. Kwingine England na Wales, bila ruhusa ya mwenye ardhi umevamia, ingawa kwa kawaida ni kesi ya madai, si jinai.

Scotland iko huru zaidi tangu sheria ya 2003, lakini shamba lenye mazao halimo. Kandokando ya Loch Lomond, ambako uchafu na uharibifu vilizidi, tangu 2017 baadhi ya maeneo yanahitaji kibali kuanzia Machi hadi Septemba. Norway nayo inataka uwe mita 150 kutoka nyumba ya mtu.

Ukienda Dartmoor, fungua kwanza ramani ya mamlaka ya hifadhi. Mashamba yaliyozungushiwa kuta za mawe hayahusiki na hukumu hii.