Harry Thuku na Wachumaji wa Kahawa

Wazee wetu, Ruiru na Thika zikitajwa, twakumbuka kahawa. Waliolazimishwa kuichuma twawasahau. Miaka ya 1920 machifu waliwatoa wasichana na akina mama majumbani kwa shuruti. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, katika Kiambu hiyo hiyo, alikuwa karani wa simu Nairobi. Mwaka 1921 aliunda East African Association, isiyobagua kabila, akapinga shuruti hiyo, kipande na kupunguzwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye, wanaume wakianza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea. Akapigwa risasi, akafa pamoja na wengine. Serikali ilihesabu maiti 21. Thuku alihamishwa Kismayu. Ajabu kwetu, mwaka 1959 aliingia katika bodi ya Kenya Planters Co-operative Union, Mwafrika wa kwanza.